Nyonyo na mbolea: jinsi ya kujua kiwango chako mwenyewe kabla hujamwaga mifuko shambani

Wakuu, swali la mbolea kwenye mazao ya mafuta ya kuendeshea mitambo huwa linajibiwa kwa namna mbili na zote zinachosha. Wa kwanza anakwambia zao hili halihitaji mbolea kabisa, linaota hata kwenye mawe, panda ukalale. Hii ndo hadithi iliyouzwa na mbono kaburi (jatropha) miaka ya 2000 katikati, kampuni za nje zikaingia Kisarawe, Kilwa na kwingine na mahesabu ya makaratasi, kumbe mti unaweza kuishi kwenye ardhi mbovu ila kuishi na kuzaa ni vitu viwili tofauti, mbegu zikaja kiduchu na miradi mingi ikafa. Wa pili ni yule wa dukani anayekwambia weka mifuko mitatu kwa eka bila hata kuuliza shamba lako liko wapi.

Hapa naongelea nyonyo (wengine mnaita mbarika) kwasababu ndo zao ambalo sahivi lina soko la kueleweka kidogo. Kule Kenya, Eni walifungua kiwanda cha kukamua Makueni 2022 na mafuta yanaenda Italia kwenye kiwanda chao cha Gela kutengenezewa mafuta ya magari na ndege, alafu nyonyo tunaijua, imelimwa huku kwetu tangu enzi za mababu. Ila utaratibu ni uleule hata kama una miwa au alizeti.

Jambo la kwanza la kuelewa kabla ya kushika jembe: kwenye zao la mafuta ya nishati hutafuti mmea mkubwa, na wala hutafuti mavuno makubwa kuliko yote. Unatafuta pale ambapo kilo ya mwisho ya mbolea uliyoweka bado inajilipa. Nyonyo ukiipa naitrojeni inajibu haraka sana kwa macho, majani yanakuwa kama sahani, rangi ya kijani kibichi, majirani wanasimama barabarani kuangalia, na ndo hapo watu wanadanganyika maana hakuna anayenunua majani. Naitrojeni ikizidi mmea unarefuka, shina linakuwa laini, maua yanachelewa, shamba linakuwa msitu, na ukungu wa kijivu unaoshambulia vishada unapenda sana sehemu yenye unyevu na kivuli kama hiyo. Na mara nyingi naitrojeni ikipanda asilimia ya mafuta ndani ya mbegu inashuka kidogo, sio sana, ila ipo.

Sasa kazi.

Anza na udongo. Usiniambie huna hela ya kupima wakati unataka kununua mfuko wa urea. Tembea shambani kwa zigizaga, chimba sehemu 10 mpaka 15, kina cha sentimita 20, kwenye kila shimo chukua ukanda wa udongo sio ule wa juu tu, changanya kwenye ndoo safi (isiwe ndoo iliyobeba mbolea, nimeshaona watu wakifanya hivyo alafu wanashangaa majibu), kausha kivulini, toa kama nusu kilo peleka maabara. Tanzania kuna TARI Mlingano pale Tanga na SUA Morogoro, Kenya kuna KALRO Kabete. Usichukue karibu na kichuguu, zizi la zamani, au pale mlipokuwa mnachoma takataka. Majibu yakirudi angalia kwanza pH, yani kipimo cha tindikali ya udongo. Ikiwa chini ya 5.5 shughulika na chokaa kwanza maana kwenye udongo wenye tindikali fosforasi inafungwa na utakuwa unaulisha mchanga. Alafu angalia fosforasi na potasiamu, kwasababu kama kimojawapo kimepungua sana, kuongeza naitrojeni ni kama kumjazia mtu sahani ya ubwabwa wakati shida yake ni kiu.

Hesabu ya mfuko, hii wengi wanairuka. Namba kwenye mfuko ni asilimia. Urea ni 46, yani kilo 50 za urea zina kilo 23 za naitrojeni, kilo 27 zilizobaki sio naitrojeni. Mbolea nyingine za naitrojeni, CAN ni 26 au 27 kutegemea mfuko, SA ni 21 ila ina salfa ndani, DAP ni 18 za naitrojeni na 46 za fosforasi kwa namna inavyoandikwa mfukoni (P2O5). Vitabu vinaandika kilo kwa hekta na sisi tunalima eka, hekta moja ni eka 2.47, kwaiyo mfuko mmoja wa urea kwa eka ni sawa na kilo 57 hivi za naitrojeni kwa hekta. Shika hiyo moja tu, nyingine zote utazipata kutokea hapo.

Alafu tenga robo eka ya majaribio. Ndio, robo eka, huhitaji zaidi. Chagua sehemu iliyo sawa na shamba lako lilivyo kwa ujumla, sio kona nzuri kuliko zote wala ile mbovu. Maji yasituame maana nyonyo inachukia miguu kulowa. Pima vipande 15, kila kimoja mita 6 kwa 6, acha njia ya mita 2 katikati ya vipande. Vipange safu 3 zenye vipande 5 kila moja, na kila safu iwe na viwango vyote vitano: sifuri, 30, 60, 90 na 120, hizi ni kilo za naitrojeni kwa hekta. Kama shamba lina mteremko, safu ikatishe mteremko, yani vipande vitano vya safu moja viwe kwenye usawa mmoja, sio kimoja kiwe juu kingine bondeni alafu useme ni mbolea.

Kipande kipi kipate kiwango kipi? Andika namba kwenye vikaratasi, tia kwenye kofia, chomoa. Kila safu upya. Usijipangie mwenyewe, mkono wa mtu una upendeleo hata bila kukusudia, utajikuta ile 120 umeipeleka pale penye udongo mweusi. Piga vigingi, andika kwa rangi ya mafuta maana peni ya maka inafutika na mvua ya wiki mbili, na chora ramani kwenye daftari, sio kwenye simu tu.

Kipande cha sifuri ndo watu wanakionea huruma. Mzee wa shamba atakuja usiku akirushie kidogo. Mwambie kabisa mapema kwamba hicho ndo chenye kazi kubwa kuliko vyote, bila hicho hujui udongo wenyewe ungekupa nini bure.

Panda mita 1 kwa mita 1, mbegu mbili kila shimo alafu utang'oa moja. Nafasi hiyo inafaa kwa majaribio kwasababu hesabu inakuwa nyepesi, hekta inaingia miche 10,000, kipande chako miche 36. Kama mbegu yako ni fupi na muuzaji kasema ibanwe zaidi basi fuata alivyosema ila hesabu zote rudia.

Wakati wa kupanda weka fosforasi kiwango kimoja kwenye vipande vyote, na hapa tumia TSP (mbolea ya fosforasi isiyo na naitrojeni) sio DAP. Sababu ni kwamba DAP ina naitrojeni, ukiiweka kwenye kipande cha sifuri sio sifuri tena. Kilo 40 za fosforasi kwa hekta, kwa hesabu ya mfuko, ni kama gramu 9 za TSP kila shimo, weka chini, funika udongo kidogo, ndo mbegu, zisigusane. Kama maabara imekwambia potasiamu ni ndogo weka pia sawa kwa wote. Lengo ni kwamba kitu pekee kinachotofautiana shambani kiwe naitrojeni. Palizi siku moja, dawa siku moja, mbegu ya mfuko mmoja. Ukipalilia safu ya kwanza Jumatatu na ya tatu baada ya wiki mbili ushaharibu.

Urea sasa, kwa kila mche: kiwango cha 30 ni gramu 6.5, cha 60 ni gramu 13, cha 90 ni gramu 19.5, cha 120 ni gramu 26. Kwa jaribio zima inakuja kama kilo 7, kwaiyo sio gharama ya kukutisha. Kisoda tunachotumia kupimia mahindi kinafaa, ila usiamini tu kwamba kisoda ni gramu fulani, jaza visoda 50 vya usawa weka kwenye mizani ya jikoni ugawe, maana punje za urea zinatofautiana na wengine wanajaza mlima wengine wanajaza mpaka ukingoni.

Usimwage yote siku moja. Theluthi moja weka wiki ya tatu hivi baada ya kuota, ukishang'oa miche ya ziada na kupalilia. Theluthi mbili zilizobaki weka mmea unapoanza kutoa kishada cha kwanza, kwa mbegu nyingi ni kati ya wiki ya sita na ya nane. Chimba kijishimo sentimita 10 mpaka 15 toka kwenye shina, kina cha vidole vitatu, fukia. Urea ukiiacha juu kwenye udongo wenye unyevu na jua kali inageuka gesi ya amonia na kupaa, utanusa mwenyewe, na ukiiweka kwenye udongo mkavu kabisa ukisubiri mvua ambayo haiji nayo ni hasara. Subiri mvua inyeshe, kesho yake asubuhi ingia.

Na hapa kuna kitu ambacho kinaokoa hela kuliko vyote: ile theluthi mbili sio lazima uiweke shambani kwako kote. Kwenye majaribio fuata ratiba, ila kwenye shamba kubwa mvua zikikata ukaona kabisa msimu umeharibika, mfuko uliobaki funga mdomo uhifadhi sehemu kavu. Naitrojeni haifanyi kazi bila maji. Mkulima aliyemwaga yote mwanzoni hana tena cha kuamua.

Unapima nini? Kwanza amua miche ya kupima. Mistari ya pembeni usiihesabu, inaiba mbolea ya jirani na inapata mwanga zaidi, kwaiyo unabaki na miche 16 ya katikati, mita 16 za mraba. Chukua mitano kati ya hiyo, ifunge kamba, hiyo ndo utaipima urefu na unene wa shina siku ya 30, 60 na 90. Hesabu pia pingili toka chini mpaka kishada cha kwanza, na andika tarehe ambayo nusu ya miche kwenye kipande imetoa maua. Hiyo tarehe ni muhimu kuliko urefu, kwasababu sehemu zenye mvua fupi kama Dodoma au Singida mmea uliochelewa wiki mbili kwa sababu ya naitrojeni nyingi unakuta vishada vya pili na vya tatu vinajaza wakati udongo umeshakauka, unapata maganda makubwa yenye mbegu nyepesi.

Angalia majani pia. Njano inayoanzia majani ya chini kwenda juu ni njaa ya naitrojeni, utaiona kwenye sifuri na hiyo ni kawaida. Ukiona kingo za majani ya chini zimeungua kama zimepitiwa na moto kwenye vipande vyote, hapo ni potasiamu, na jaribio lako limeshakupa jibu ambalo hukuuliza.

Nyonyo haikomai siku moja, vishada vinakuja kwa zamu, kwaiyo vuna kwa awamu kila vikishakuwa kahawia na kabla havijapasuka. Ile miche 16 ya katikati ya kila kipande iwe na kiroba chake chenye namba, ndani na nje. Anika, pukuchua, peta, pima. Zidisha kilo za ile miche 16 mara 625 unapata kilo kwa hekta, mfano kilo 1.6 ni sawa na kilo 1,000. Hesabu pia mbegu 100 uzipime uzito uone kama zinapungua. Kwa mafuta chukua sampuli kilo moja kila kiwango peleka maabara, au kama kuna mkamuaji karibu mwombe akamue kila sampuli peke yake kwa mashine ileile, hata kama mashine haitoi yote utaona tofauti. Tahadhari moja kubwa, mbegu ya nyonyo ina sumu kali inaitwa risini. Usipeleke kwenye mashine ya kusaga unga, usianike karibu na kuku na watoto, nawa mikono.

Kwenye daftari utakuwa na namba 15. Tafuta wastani wa kila kiwango, lakini kabla ya wastani angalia vile vipande vitatu vya kiwango kimoja vimepishana kiasi gani. Kama 60 za safu ya kwanza, ya pili na ya tatu zimepishana kilo 300 alafu tofauti kati ya 60 na 90 ni kilo 80, hiyo 80 usiijengee nyumba, rudia msimu ujao.

Tuchukue namba za mfano tu, nimezitunga ili tuone hesabu, za kwako zitakuwa nyingine. Sifuri imetoa kilo 500 kwa hekta, 30 imetoa 750, 60 imetoa 920, 90 imetoa 1,000, na 120 imetoa 1,010. Watu wengi wataangalia 1,010 wanashangilia. We angalia nyongeza: ngazi ya kwanza (toka sifuri kwenda 30) imekupa 250, ya pili 170, ya tatu 80, ya nne 10. Kila ngazi imekula kilo 65 za urea. Tuseme urea ni shilingi 1,600 kwa kilo na nyonyo unauza shilingi 1,000, basi kila ngazi inakugharimu sawa na kilo 104 za nyonyo, bado vibarua. Kwaiyo ngazi ya tatu umelipa 104 ukapata 80, umepigwa, japo shamba linaonekana zuri zaidi na ukimpigia mtu picha atakusifia. Ya pili unapata faida, 170 kwa 104. Ila kanuni ya zamani ya wataalamu wa mbolea inasema mkulima wa kutegemea mvua asikimbilie kitu mpaka kimrudishie mara mbili ya alichotoa, kwasababu msimu mmoja kati ya kadhaa utamtupa, na kwa kanuni hiyo ni ngazi ya kwanza tu inayopita vizuri. Mi ningesimama kati ya 30 na 60, mfuko mmoja kasoro kidogo kwa eka. Bei zikibadilika jibu linabadilika bila udongo kubadilika, hilo usisahau, mwaka 2022 urea ilivyopanda tuliona wote.

Sasa mafuta. Kwenye mfano uleule tuseme mbegu za sifuri na 30 zina mafuta asilimia 48, za 60 ni 47.5, za 90 ni 46.5, za 120 ni 45.5. Mafuta yanakuwa kilo 240, 360, 437, 465, na 460. Umeona 120 imerudi nyuma? Mbegu nyingi zaidi, mafuta pungufu.

Na kuna upande ambao wakulima hatuambiwi ila mnunuzi wa Ulaya anauhesabu. Naitrojeni ikiingia kwenye udongo sehemu yake inageuzwa na vijidudu kuwa gesi ya oksidi ya naitrasi, na hesabu ya jumla inayotumiwa na jopo la kimataifa la tabianchi ni kama asilimia 1 ya naitrojeni uliyoweka. Inaonekana ndogo, ila gesi hiyo inapasha dunia mara 273 kuliko kaboni dioksidi, kilo kwa kilo. Piga hesabu, ukijumlisha na uzito wa oksijeni iliyomo kwenye gesi hiyo, kila ngazi ya kilo 30 za naitrojeni inatoa sawa na kilo 129 hivi za kaboni dioksidi, na hapo hatujagusa gesi asilia iliyochomwa kiwandani kutengeneza hiyo urea wala lori lililoileta. Lita moja ya dizeli ikiungua inatoa kama kilo 2.7, maana yake kila ngazi ni sawa na kuchoma lita 48 za dizeli. Rudi kwenye mfano: ngazi ya kwanza imeongeza mafuta kilo 120, kama lita 125, sawa, unabaki na faida. Ya pili lita 80, bado. Ya tatu kilo 28, yani lita 29, umechafua kama lita 48 za dizeli ili upate lita 29 za mafuta yanayoitwa safi. Hiyo sio nishati safi tena, ni urea iliyobadilishwa jina. Na ndo maana mkemia Paul Crutzen na wenzake mwaka 2008 waliwasha moto waliposema baadhi ya mazao ya nishati yanayokula naitrojeni nyingi yanaweza kufuta faida yake yote kwa gesi hii.

Kwaiyo kabla ya kuongeza mfuko, tafuta naitrojeni ya bei rahisi. Changanya na kunde au choroko katikati ya mistari msimu wa kwanza, nyonyo inaanza polepole na nafasi ipo. Samadi iliyooza vizuri ila usihesabu kwamba yote itatoka mwaka huohuo. Na keki inayobaki baada ya kukamua nyonyo ni mbolea nzuri mno yenye naitrojeni, kama mkamuaji ananunua kwako mwombe irudi shambani, ila ifukiwe, maana sumu ya risini inabaki mle na mbwa wanaipenda harufu yake hasa ikichanganywa na unga wa mifupa, wanakufa. Mifugo usiwape kabisa.

Wenye mazao mengine kwa haraka: miwa ya ethanoli, naitrojeni ya kuchelewa inashusha utamu na muwa hauivi, iwekwe mapema. Brazili wanarudisha shambani maji machafu ya kiwanda cha ethanoli kwasababu yamejaa potasiamu. Michikichi ya Kigoma ni potasiamu kwanza, naitrojeni baadae. Mbono kaburi kama bado unao kwenye uzio, endelea nao kwenye uzio.

Msimu wa pili usirudie viwango vilevile. Kama jibu liko kati ya 30 na 60 basi weka sifuri, 25, 40, 55 na 70, mahali pengine shambani maana vile vipande vya 120 vina mabaki ya mbolea ya mwaka jana na vitakudanganya.